Usisuuzie Bomba la Dawa Kando ya Kisima

Kila msimu wa palizi ni yale yale: mkulima amemaliza kupulizia dawa ya magugu kwenye mahindi, anatua bomba kando ya kisima, anasuuza na kumwaga pale pale. Ukimuuliza, anakujibu kwamba udongo unachuja.

Udongo si chujio la chai. Dawa huvunjwavunjwa na bakteria na kuvu, na wengi wao wanaishi kwenye sentimita 30 hivi za juu, penye hewa na mboji. Hapo atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, huchukua wiki kadhaa hadi miezi kupungua nusu. Ikishazama kwenye maji ya ardhini, ambako hewa na chakula cha bakteria ni haba, hukaa miaka. Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1991, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado inaonekana katika maji ya ardhini. Ukimwaga sehemu moja kila mara, unawazidi nguvu hao bakteria na dawa inawapita.

Suuza bomba shambani, mara 3, lita 2 kila mara, na kila suuzo lipulizie kwenye mstari ulioubakiza makusudi. Bomba lililobakiwa na robo lita, ukilisuuza hivyo, hubaki na sehemu 1 ya dawa katika 729. Ukitia lita 6 kwa mkupuo, inabaki 1 katika 25. Maji ni yale yale, jamani! Uvivu tu. Chupa nazo zisuuzwe wakati wa kuchanganya: maji robo ya chupa, tikisa sekunde 30, mimina bombani, mara 3. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kisima nacho kipe hizo hizo.

Kikundi chenye mabomba mengi kichimbe shimo la kuozeshea dawa, la kumwagia maji ya kusuuzia mabomba, kama walivyoanza Wasweden mwaka 1993. Kina sentimita 60, 10 za chini zikiwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu yake jaza kwa debe, si kwa kukisia: madebe 2 ya mabua makavu ya ngano au mpunga, 1 la udongo wa juu, 1 la mboji. Acha mwezi mzima likiwa na unyevu kabla ya kulitumia. Kuvu wanaoozesha mabua hutoa vimeng'enya vinavyokata dawa pia. Samadi ya kuku usitie kabisa. Naitrojeni ikizidi, kuvu hao wanazembea. Ezeka paa, maana shimo likigeuka tope hewa inakwisha na kazi inasimama.

Mchanganyiko ukishuka, ujue unaoza vizuri; ongeza mabua.