Kubandika bango kwenye ubao wa povu bila viputo

Unapobandika bango kwenye ubao wa povu, yaani ule mwepesi wa milimita 5 uliofunikwa karatasi pande zote mbili, chagua ubao unaozidi bango kwa sentimita 2 au 3 kila upande, kwa kuwa kupunguza kingo baadaye ni rahisi kuliko kuzilenga zikutane.

Ikiwa ubao una gundi yake, usibandue karatasi ya kinga yote kwa pamoja. Fungua ukanda mwembamba wa upande mmoja, bandika ukingo wa bango hapo, hakikisha umenyooka, kisha vuta karatasi hiyo kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa laini.

Gundi ya maji, ambayo wengi huipendea bei, huilowesha karatasi ikatanuka, nayo inapokauka hujikunyata na kuupinda ubao. Ukilazimika kuitumia, bandika karatasi ya uzito uleule upande wa nyuma ili mvuto ulingane. Gundi ya viatu isikaribie kabisa, maana kiyeyushi chake hula povu la polistirini.

Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukipitisha mara kadhaa bila kukandamiza, kwani wembe butu hulinyofoa povu. Picha halisi yenye thamani usiigandishe kamwe, bandika nakala.