Maporomoko na majani ya Oktoba: kupiga picha kwenye milima ya Blue Ridge

Maji na majani hayataki kitu kimoja. Maji hupendeza shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ikikaa wazi nusu sekunde, yakashuka kama shela. Jani likitikisika ndani ya nusu sekunde hiyo hiyo, linageuka doa la rangi lisilo na umbo. Karibu kila uamuzi kwenye picha hizi ni wa kusuluhisha ugomvi huo.

Tuchukue milima ya Blue Ridge upande wa North Carolina, Marekani, karibu na mji wa Asheville. Barabara ya Blue Ridge Parkway, yenye urefu wa kilomita 755, hupita juu ya migongo ya milima hiyo. Rangi huanzia juu ikishuka: zaidi ya mita 1,500 majani hugeuka mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kati ya mita 900 na 1,200 ni katikati hadi mwishoni mwa Oktoba, na huko chini Asheville rangi zinaweza kuingia hadi Novemba. Kamusi huyaita majira haya vuli, lakini usidhani ni vuli ya mvua za nyumbani ukaja na mwavuli tu. Alfajiri ya Oktoba mlimani nyasi huweza kuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Kwa hiyo panga safari kwa mwinuko, si kwa tarehe peke yake. Graveyard Fields, kwenye alama ya maili 418.8 ya Parkway, iko juu ya mita 1,500 na hutangulia kugeuka. Looking Glass Falls, poromoko la mita 18 kando kabisa ya barabara ya US 276, liko kama mita 800 chini yake. Ukifika juu ukakuta matawi matupu, usirudi nyumbani, shuka. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliiharibu vibaya Parkway, basi usiku wa kuamkia safari angalia ramani ya barabara zilizofungwa kwenye tovuti ya National Park Service. Jumamosi za Oktoba maegesho hujaa mapema, na droni haziruhusiwi kurushwa kutoka Parkway.

Omba mawingu. Jua kali likipenya msituni huacha povu lililoungua, yaani jeupe tupu, hapa na kivuli cheusi pale, na hakuna kamera inayovimeza vyote viwili kwa picha moja. Siku bora ni ya mawingu mazito, bila upepo, baada ya mvua ya wastani: maji yamejaa, mawe yamelowa, na majani yana rangi nzito. Mvua kubwa ni hasara, kwani maji huwa ya tope na majani huangushwa.

Ukiwa na fedha ya filta moja tu, nunua polaraiza, kioo cha kuzungushwa mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Mng'ao wa jani lililolowa ni anga nyeupe inayojionyesha juu ya ngozi ya jani, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha rangi iliyofichwa chini yake. Ifunge kwenye lenzi, kodolea jani moja jekundu au jiwe lililolowa, kisha izungushe polepole. Utaona weupe unakufa, na wekundu unapanda kama vile mtu amefuta kioo. Usiizungushe hadi mwisho bila kutazama dimbwi: pale ambapo mng'ao wa mawe umekwisha kabisa, taswira ya miti ya manjano kwenye maji nayo huweza kupotea. Simama mahali pa katikati. Ukigeuza kamera kutoka mlalo kwenda wima, zungusha upya. Kosa hili huwapata hata wazoefu.

Polaraiza hula mwanga wa stopu 1 hadi 2, na kila stopu ni nusu ya mwanga uliobaki. Hapo ndipo inapokusaidia mara ya pili. Chini ya mawingu, ndani ya bonde lenye miti, f/11 (upana wa tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu hupungua) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hutoa takriban robo sekunde. Weka polaraiza, inakuwa kati ya nusu sekunde na sekunde moja, bila filta nyingine yoyote. Jua likitoka, mpangilio huo huo huangukia 1/125 ya sekunde. Hapo polaraiza haitoshi, ongeza filta ya ND, kioo cha kijivu cha kupunguza mwanga, ya stopu 6.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kaza tripodi, miguu ikiwa juu ya mwamba na si ndani ya mkondo, maana maji huitetemesha. Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi. Lenga fokasi, kisha hamishia fokasi ya mkono, ndipo ufunge ND. Ukifunga kwanza, kamera itahangaika gizani. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Baki kati ya f/8 na f/11, kwani f/22 hulegeza ukali wa picha nzima. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu ili povu lisiungue, na utazame histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) ya rangi tatu: nyekundu huungua mapema, ilhali ile histogramu nyeupe ya mwanga wa jumla inakwambia mambo ni shwari.

Kasi ya shata ichague kwa nguvu ya maji. Poromoko kubwa linalotwanga halihitaji zaidi ya 1/8 hadi 1/4 ya sekunde. Ukizidisha linabaki bonge la maziwa. Kijito kinachotiririka juu ya mawe hupendeza kwa sekunde 1. Penye dimbwi ambapo majani yaliyoanguka yanazunguka na povu, acha wazi sekunde 15 hadi 30, nayo yatachora duara.

Upepo ukivuma, usibishane nao. Piga picha ya kwanza kwa maji, tuseme nusu sekunde. Bila kugusa tripodi wala fokasi, pandisha ISO hadi 1600, ongeza kasi, ukilazimika fungua hadi f/5.6, usubiri tawi litulie, kisha upige ya pili kwa majani. Uziunganishe nyumbani kwenye programu ya kuhariri. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya mawingu. Ile ya kujiendesha huona manjano mengi ikadhani ni kosa, ikayapoza.

Manyunyu ya poromoko ndiyo mharibifu wa kimyakimya. Tone moja kwenye lenzi huonekana baadaye kama ukungu katikati ya picha, na kwenye skrini ndogo hulioni. Beba vitambaa vitatu vikavu, futa kabla ya kila picha, na funika lenzi unapongoja. Usipande juu ya poromoko kutafuta pembe nzuri: mwamba wenye majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na watu hufa hivyo kwenye maporomoko ya milima hii.

Beba betri ya pili mfuko wa ndani, kwani baridi huimaliza upesi. Ukirudi kwenye gari lenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi, la sivyo itatoka jasho hadi ndani ya lenzi.