Kumuuguza bibi wa kiharusi nyumbani bila na wewe kuanguka

Kama umeachiwa mgonjwa hapa Mtwara na msimu wa korosho ndo ushaanza, wenzio wote wako shamba, kitu cha kwanza mgeuze kila baada ya masaa mawili, kushoto, kulia, chali, usiku pia, tega alamu ya simu, maana vidonda vya mgongo vya kulala sana vikishaanza, kupona kwake ni shughuli pevu. Ukimwogesha kagua makalio, nyonga na visigino, ukiona ngozi imebadilika rangi au ina joto au ngumu kuliko pembeni, usimlaze tena upande huo. Uji mpe amekaa, kijiko kidogo kidogo, akikohoa acha kwanza, akimaliza mwache akae kama nusu saa hivi. Bibi yangu alikuwa anatema uji wa mtama makusudi kabisa, ila mhogo wa kuponda na samaki aliyetolewa miba anacheka hadi jino linaonekana, ndo mshahara wangu huo. Kuchoka utachoka tu, usijidai. Ndugu wapange zamu hata Jumapili moja moja, na anayesema yuko bize atume hela ya pampasi, zinakula hela balaa.