Somo: Kununua kifaa cha kompyuta kisichotengenezwa tena

Assalam aleikum ndugu zangu. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi zenye prosesa (chipu kuu) iliyotangulia kizazi cha 8 cha Intel hazikubaliki rasmi na Windows 11. Mashine hizi bado nzima! Skuli na ofisi ndogo zinaweza kuzitumia kwa Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, alimradi vipuri vinunuliwe kwa makini.

1. Nunua kwa namba, si kwa jina. Muuzaji wa Darajani au Mlandege akikwambia "hii ya Lenovo", bado hujajua kitu. Toa kipuri kibovu, piga picha stika yake: Lenovo huandika FRU, Dell huandika DP/N. Namba hiyo ndiyo ya kuulizia, hata ukiagiza Kariakoo.

Wengi huumia kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35 zina umbo moja na zinaingia tundu moja, lakini laptopu za kizazi cha 4 cha Intel zinataka DDR3L. Ukiwa na shaka chukua DDR3L, maana inafanya kazi kwa volti zote mbili.

2. Ijaribu kabla ya kulipa. Diski ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo: ikionyesha rangi ya buluu ni salama, njano iache. Laptopu iingie BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) mbele yako. Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, rudisha mkononi mwake. Chungulia matundu ya USB pia, kwani hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

3. Betri "mpya, haijafunguliwa" ya miaka kumi nyuma usiichukue. Lithiamu huchakaa hata ikikaa kabatini. Bora ya kampuni nyengine iliyotengenezwa karibuni.

4. Pakua draiva (programu zinazoviendesha vipuri) siku hiyohiyo uziweke kwenye flashi. Kampuni huziondoa mtandaoni bila ya kuaga.

MASWALI

Mie niko Wete, Pemba, muuzaji yuko Mjini Unguja, anataka nitume pesa kwanza halafu atie laptopu melini. Inafaa?

Usitume, dada yangu. Mtafute jamaa aliyeko Mjini aende akaiwashe, akutumie video ya BIOS na ya stika. Diski ya kuzunguka ifungwe kwa sponji, haipendi kugongwa.

Maalim, printa ya skuli yetu ni HP LaserJet P1102. Tona (wino wake wa unga) tutapata?

Mtapata. Inatumia 85A, na kampuni nyengine bado zinaitengeneza. Ulizieni kwa namba yake, CE285A.

Nimeletewa pawasaplai (kisanduku cha umeme cha kompyuta) kuukuu kutoka Marekani, ina swichi nyekundu nyuma.

Usiichomeke kwanza! Kwao umeme ni volti 120, kwetu 230. Isukume swichi hadi isomeke 230. Ikibaki kwenye 115, italipuka mara tu ukiwasha.