Mbuzi wa Kuchinjwa Asikimbizwe

Nyama nyeusi, kavu, inayonata vidoleni na kuanza kunuka kabla ya jioni: mwenye bucha humlaumu mfugaji, mfugaji hulaumu malisho. Mara nyingi kosa lilitendeka saa chache kabla ya kisu. Mbuzi alikimbizwa zizini, akafungwa miguu yote minne, akalazwa ubavu juu ya bodaboda kwenye jua kali, akafika na kuchinjwa papo hapo.

Msuli una akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Mnyama akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi) hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi ndani ya saa 24. Asidi hiyo ndiyo huipa nyama wekundu wake na kuchelewesha bakteria. Mbuzi aliyehangaika ameimaliza akiba angali hai, na pH hukwama juu ya 6. Hata kulungu wa porini ni vivyo hivyo: aliyejeruhiwa akafukuzwa mbali hutoa nyama nyeusi.

Basi mfikishe machinjioni jioni ya kuamkia siku ya kuchinja, safari ianze baada ya saa 10, jua likipungua. Asimame au aketi kichwa juu. Akilazwa ubavu, gesi hujaa tumboni. Usimvute kwa manyoya wala mguu mmoja: damu huvilia chini ya ngozi, na sehemu hiyo ya paja utaikata uitupe. Mabeberu wa mazizi mawili usiwachanganye, watapigana usiku kucha.

Chakula kizuiwe saa 12 hadi 24. Chakula tu! Wapo wanaomnyima hata maji, na hili ni kosa kubwa: mnyama hupungua uzito na ngozi hugoma kuchunika. Maji safi yawepo mpaka dakika ya mwisho. Aliyefika amechoka kabisa usimchinje kesho yake. Usiku mmoja haumrudishii akiba, anahitaji siku kadhaa za kula na kutulia.

Chinja alfajiri. Kama huna chumba cha baridi, uza siku hiyohiyo. Mwenye nacho asiishushe nyama chini ya nyuzi 10 katika saa 10 za kwanza: mbuzi hana mafuta mengi ya kuikinga, na msuli ukipozwa kabla haujakakamaa hujikunja ukawa mgumu, hata muchomo hautafunike. Baada ya hapo ndipo uipoze zaidi.

Nyama nzuri kesho yake ni nyekundu, na hainati.