Auszogne za bibi: kutoka karatasi ya zamani hadi kwenye karai

Auszogne ni andazi la hamira la Bavaria, kusini mwa Ujerumani: ukingo mnene, katikati utando mwembamba. Karatasi ya mapishi yake iliyoachwa na bibi wa huko mara nyingi ina mistari mitano tu: viungo, vipimo nusunusu, kisha "kaanga". Basi anza na kusoma. Kama alisoma shule kabla ya 1941, huenda aliandika kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, Kurrent au Sütterlin, ambao herufi e yake hufanana na n. Neno unaloliona kama "Hnfn" ni Hefe, yaani hamira.

Kisha vipimo vya zamani vya uzito: Pfund moja ni gramu 500. Lot ni takribani gramu 17. "Siagi kiasi cha yai" ni gramu 50 hadi 60. Kipande cha hamira mbichi kinachouzwa Ujerumani kina gramu 42, na nusu yake yatosha kwa nusu kilo ya unga. Ukitia kizima, utakula harufu ya hamira. Mtego mkubwa ni ule mstari wa "unga kadiri utakavyopokelewa". Usiufuate. Unga ukizidi, donge halivutiki, na jina lenyewe Auszogne maana yake ni "zilizovutwa".

Vipimo hivi vinatoa Auszogne 14: unga mweupe wa ngano gramu 500, maziwa ya vuguvugu mililita 220, hamira mbichi gramu 20 (au kavu gramu 7), sukari gramu 60, siagi laini gramu 60, mayai 2, chumvi kijiko kidogo kimoja, ganda la limau lililokwaruzwa, na kijiko kikubwa cha ramu ukipenda. Wapishi wa zamani husema ramu huzuia donge kunywa mafuta. Hata usipoamini, harufu yake ni nzuri.

Koroga hamira na maziwa, sukari kidogo na unga kiasi cha kupata uji mzito. Wabavaria huuita Dampfl. Uji huo ukitoa mapovu baada ya dakika 15, changanya na vilivyobaki, ukande dakika 10 hadi donge liache kushika bakuli. Liwe laini, linate kidogo tu. Funika saa moja, liumuke maradufu.

Gawanya madonge ya gramu 70 hivi, yaviringe, yapake siagi kidogo juu yasikauke, uyaache dakika 20 hadi 30. Usiruke hatua hii: donge lisilopumzika hujirudi kama mpira, ukililazimisha linachanika katikati.

Sasa kuvuta. Kule Franken, kaskazini mwa Bavaria, huitwa Knieküchle, kwa kuwa zilivutwa juu ya goti lililofunikwa kitambaa safi. Vidole vyafaa vilevile. Paka mikono mafuta, shika donge ukingoni, lizungushe huku ukivuta kutoka kati kwenda nje, uzito wake ukisaidia. Acha ukingo mnene kama kidole. Katikati pabaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Tundu dogo halina neno, kubwa hupitisha mafuta.

Kaangia samli au mafuta ya nguruwe, kina cha sentimita 5 hivi, nyuzi 170 hadi 175. Huna kipimajoto? Chovya mpini wa mwiko mkavu wa mbao: mapovu madogo yakiuzunguka papo hapo, tayari. Mafuta yakiwa baridi, donge hulowa. Yakiwa moto mno, ukingo huungua nje na ndani mbichi. Weka mbili tu kwa mara moja, maana kila donge hushusha joto.

Dakika mbili upande wa kwanza, geuza taratibu, dakika moja na nusu upande wa pili. Baada ya kugeuza, usiruhusu mafuta kumiminika kwenye bonde la katikati: ukingo unatakiwa uwe kahawia, utando ubaki mweupe. Kwa alama hiyo tu, mtu wa Bavaria atajua kama mpishi anaijua kazi.

Ziweke kwenye karatasi zichuje mafuta, nyunyiza sukari ya unga, mle zikiwa vuguvugu. Kesho yake utando huwa mgumu, na kupasha moto hakuurudishi.