Kuzuia kona na faulo: kazi inaanza mpira ukishatoka nje

Timu nyingi za mtaani huku kwetu Ilemela, Mwanza, hazifungwi kwa kuzidiwa mpira. Zinafungwa kwa kona na faulo. Mnakaba vizuri kipindi chote cha kwanza, beki tatu, yule wa kushoto, anautoa mpira nje, mnarudi golini kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole, "kamata huyo, kamata huyo!", na kabla hamjaelewana kichwa kimeshapigwa. Lawama zote zinamwendea golikipa. Nimecheza namba nne, yaani beki wa kati, miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha hapa Igombe, na nina hakika na jambo hili: goli la kona hutengenezwa katika ule muda mfupi kati ya mpira kutoka nje na mpigaji kuuweka kwenye kibendera. Kocha anayetaka kuziba tundu hili aanzie hapo, kabla hajaanza kutafuta mabeki warefu.

Wapenzi wengi wa mpira wanaikumbuka mechi ya Liverpool na Barcelona ya tarehe 7 Mei 2019. Dakika ya 79 Trent Alexander-Arnold alijifanya anauacha mpira wa kona, akageuka ghafla akaupiga, na Divock Origi akafunga goli la nne bila kusumbuliwa na mtu. Itazame tena, lakini safari hii waangalie mabeki wa Barcelona. Hawakuzidiwa urefu wala mbio. Walikuwa hawautazami mpira.

Kwa hiyo amri yangu ya kwanza kwa vijana ni kwamba mpira ukitoka nje hakuna kuupa mgongo. Mnarudi kinyumenyume au ubavu ubavu, macho yakiwa kwenye mpira. Aliye karibu zaidi na kibendera anabaki hapo hapo, mita 9.15 kutoka kwenye robo duara la kona kama sheria inavyotaka, yaani hatua kumi ndefu, mpaka mwenzake mwenye kazi hiyo afike. Hakuna kumfuata refa kubishana kama ilikuwa kona au golikiki. Kapteni peke yake ndiye anayezungumza na refa, na hata yeye azungumze akiwa tayari yupo kwenye nafasi yake.

Nani asimame wapi

Mchangani mistari haionekani. Chokaa iliyomwagwa asubuhi, ikifika saa kumi jioni imeshafutwa na njumu. Wafundishe mabeki kuupima mstari wa sita kwa hatua: mita 5.5 kutoka golini, hatua sita ndefu. Mazoezini sisi tunapanga maboya ya nyavu chakavu kwenye mstari huo mpaka miguu ya vijana inaujua hata maboya yakiondolewa.

Kwenye mstari huo naweka watatu, wale hodari kuliko wote kwa vichwa. Mmoja usawa wa nguzo ya karibu, mmoja katikati ya goli, mmoja kati ya katikati na nguzo ya mbali. Hawa watatu hawakabi mtu. Ni kama wavu uliotegwa: haumfukuzi samaki, unamngoja pale anapopita. Mpira ukianguka mbele yao wanaufuata na kuupiga ukiwa juu kabisa. Ukianguka nyuma yao, ni wa golikipa. Wasimame ubavu, mguu mmoja mbele, ili kila mmoja aone mpira na pia aone nani anakuja. Anayeutazama mpira kwa kifua kilichonyooka moja kwa moja hawezi kurudi nyuma haraka.

Wa nne anasimama hatua mbili tatu mbele ya hao, upande wa kibendera. Kazi yake ni ule mpira wa chini uliopigwa vibaya, unaopita kati ya miguu ya watu na kuwachanganya wote. Hapa usiweke mtu mrefu, weka mtu mtulivu asiyekwepa mpira. Kwangu ni winga wa kulia.

Watatu wengine kazi yao ni kuharibu mbio. Naomba kocha mwenzangu unielewe vizuri hapa, maana ndipo timu nyingi zinapokosea: hawa hawatakiwi kushinda kichwa. Wanatakiwa kumzuia mrukaji wa wapinzani asije kwa kasi. Mwaka 2018, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Samuel Umtiti wa Ufaransa alimtangulia Marouane Fellaini wa Ubelgiji kwenye nguzo ya karibu na kufunga goli pekee la mechi. Fellaini ana urefu wa mita 1.94, na Umtiti ni mfupi kwake kwa zaidi ya sentimita 10. Anayeruka akitoka mbio humshinda anayeruka amesimama, hata kama amezidiwa urefu. Sasa mkabaji wako asimame kati ya mtu wake na goli, amguse kwa mkono wa mbele ajue yupo, na mtu akianza kukimbia amkatie njia kwa mwili ili afike amechelewa. Kuvuta jezi ni marufuku. Marefa wetu wanatoa penalti siku hizi, na wako sahihi.

Wamebaki watatu. Mmoja anakaa nje kidogo ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, kwa mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kichwa cha kwanza, mmoja anatoka kuzuia kona fupi, na mmoja anabaki juu karibu na mstari wa kati. Makocha wengi huku wanamrudisha huyo wa juu nao wanaona wamejilinda. Mimi namwacha. Ukimwacha mmoja mwenye mbio, wapinzani hubakiza wawili nyuma kumlinda, na hao ni wawili ambao hawapo golini kwako.

Utaniuliza nguzoni yuko nani. Wazee wetu walisimamisha beki mbili wa kulia na beki tatu wa kushoto, kila mmoja nguzo yake, na bado ziko timu zinazofanya hivyo. Kwangu nguzo zipo wazi mpaka upepo uniambie vinginevyo.

Upepo wa ziwani

Sisi tunaocheza kando ya ziwa tuna jambo ambalo kocha wa mbali na maji halimsumbui. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ukishakolea unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mechi zetu zote ni za jioni. Uwanja wetu umelala sambamba na ufukwe, kwa hiyo kona mbili za upande wa maji na mbili za upande wa barabara ni mipira tofauti kabisa.

Kona ikipigwa kutoka upande wa maji, upepo uko mgongoni mwa mpira. Unabebwa, unapitiliza, unaangukia nguzo ya mbali au nje kabisa ya sita. Hapo nawasogeza wale watatu wa mstari hatua moja kuelekea mbali, na mtu wa mpira wa pili anasogea upande huo huo. Kona ikitoka upande wa barabara, mpira unapigana na upepo. Unakaa hewani, unapungua nguvu, unadondoka ghafla karibu. Hapo ndipo ninapomtoa mkabaji mmoja na kumsimamisha kwenye nguzo ya karibu, hasa kama mpigaji anautumia mguu unaoupinda mpira kuingia ndani. Golikipa naye asiukimbilie mapema, kwa sababu mpira wa namna hii haufiki pale unapotarajiwa.

Kabla ya mechi yoyote ya ugenini, mtume mchezaji akarushe majani makavu juu kwenye kona zote nne. Viwanja vya mitaani vyenye nyumba au miti upande mmoja vina upepo wa kudanganya, pembe moja imetulia na nyingine inavuma.

Wapinzani wakizibiana njia

Timu zimejanjaruka. Hazikimbilii mpira tu, zinamsimamisha mtu mmoja akuzibie njia ili mwingine abaki huru. Brazil walifungwa goli la kwanza na Ujerumani mwaka 2014 hivyo hivyo, dakika ya 11: Toni Kroos alipiga kona, David Luiz akakwama kwenye msongamano, Thomas Müller akapiga peke yake upande wa mbali. Mechi ikaisha 7-1.

Dawa yake ni nafasi na sauti. Wakabaji wako watatu wasisimame bega kwa bega, maana mtu mmoja atawaziba wote. Waachane hatua mbili. Akizibwa mmoja, anapiga kelele "badili!", na aliye karibu anamchukua mtu aliyeachwa huru bila kuuliza. Neno hilo lifanyiwe mazoezi mpaka liwatoke lenyewe, kwa sababu kwenye kona hakuna muda wa sentensi ndefu.

Kona ikiwa hewani golikipa ana maneno mawili tu. "Yangu!" maana yake wote muondoke njiani. "Ondoa!" maana yake haji, beki amalize. Akinyamaza, hesabuni kwamba haji. Akiamua kutoka kwenye kundi la watu apige ngumi kwa mikono yote miwili, juu na pembeni, wala asijaribu kudaka mpira uliolowa siku za masika. Wapinzani wakimjazia watu mbele yake, mkabaji mmoja asimame kati yao kumfungulia nafasi, na kapteni amwambie refa kwa heshima kabla kona haijapigwa. Ukimwambia baada ya goli, umechelewa.

Ukienda uwanja wa CCM Kirumba kuitazama timu ya Pamba Jiji, kaa nyuma ya goli angalau kipindi kimoja. Ukiwa jukwaa kuu unaona mpira. Ukiwa nyuma ya goli unaona nani anamziba nani, na utarudi na vitu vya kuwafundisha vijana wako.

Baada ya kichwa cha kwanza

Magoli mengi yanayoniuma si ya kichwa cha kwanza. Beki ameruka, ameondoa, mashabiki wanapiga makofi, na mpira unarudishwa ndani wakati mabeki bado wamesimama golini. Kichwa cha kuokoa kiende juu, mbali na pembeni. Kisirudi katikati hata mara moja. Mara mpira ukiondoka, golikipa anaita "toka!" na wote wanakimbia mpaka mstari wa kumi na nane kwa pamoja. Mpira wa kona unapopigwa hakuna kuotea, lakini ukirudishwa kwa mara ya pili sheria inarudi kazini, na mara nyingi mpigaji kona mwenyewe bado yuko kule karibu na mstari wa goli. Beki mmoja tu akibaki nyuma, amewaweka wapinzani wote huru.

Faulo za pembeni zinafanana na kona, tofauti kubwa ni kwamba hapa kuotea kupo tangu mwanzo. Basi safu yako isimame juu, usawa wa kumi na nane au zaidi, na isirudi nyuma mpaka mguu wa mpigaji uguse mpira. Mabeki wanaokimbilia golini mapema wanawapa wapinzani nafasi bure. Ukuta unapangwa na golikipa akishirikiana na mtu mmoja tu, na idadi anaamua yeye: wanne au watano mbele ya goli, wawili ikiwa pembeni. Tangu 2019 ukuta wa watu watatu au zaidi wapinzani hawaruhusiwi kuusogelea chini ya mita 1, kwa hiyo kapteni ajue kuidai haki hiyo. Mipira mirefu ya kurusha ikabeni kama kona. Nayo haina kuotea.

Siku za mazoezi

Nusu ya kikosi changu wanavua dagaa. Usiku wa giza wapo majini na taa zao, jioni wanajiandaa kuingia ziwani, na siwezi kuwapata wote pamoja. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na timu nzima inakuja uwanjani. Wiki hiyo nimeitenga kwa kona na faulo peke yake. Mazoezi ya pumzi kila mtu anaweza kufanya kivyake, lakini ukuta na safu haviwezi kufundishwa kwa watu sita.

Siku ya kwanza hatupigi mpira kabisa. Nasema "kona ya maji!" au "kona ya barabara!" na kila mtu anakimbilia nafasi yake kabla sijahesabu mpaka kumi. Wakiweza hilo, narusha mpira kwa mkono ili uangukie pale ninapotaka. Ndipo baadaye tunapiga kwa mguu, na tunapiga mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, kwa kuwa uchovu ndio unaofungisha dakika za mwisho.

Kazi zote nimeziandika kwenye kipande cha boksi kinachokaa kwenye begi la jezi: namba ya jezi, na mbele yake mahali pa kusimama. Mchezaji wa akiba kabla hajaingia anasoma kazi ya anayetoka na kunirudia kwa mdomo. Kama mpira umetoka na kona ni ya wapinzani, simfanyii mabadiliko mtu yeyote mpaka iondolewe, labda awe ameumia. Na beki akitolewa kwa kadi nyekundu, yule wa juu karibu na mstari wa kati ndiye anayerudi kuchukua nafasi yake kwenye sita.